Kitanda cha mita 1.40: Utumwa wa Kirumi haukuwa "afadhali"

Nianze na vitanda. Mwaka 2021, mita kama 700 nje ya kuta za mji wa Pompeii, kusini mwa Italia, wanaakiolojia walifungua chumba katika jumba la shamba la tajiri mmoja, mahali panapoitwa Civita Giuliana. Chumba chote kina mita za mraba 16. Ndani yake walikuta vitanda vitatu vya mbao zilizounganishwa hivi hivi, vimesukwa kamba, bila godoro. Viwili vina urefu wa mita 1.70. Cha tatu kina mita 1.40.

Kipimo hicho cha mwisho hakinitoki kichwani. Kitanda cha mita 1.40 hakimtoshi mtu mzima. Ni cha mtoto.

Chini ya vitanda kulikuwa na vyungu vya haja na vitu vyao vichache. Pembeni palirundikwa mitungi ya bwana, mti wa kukokotea gari la farasi, na sanduku la mbao lenye vyuma na vitambaa vya lijamu. Kidirisha kimoja, juu. Kuta hazikuchorwa chochote, katika eneo ambalo hata vibanda vya chakula vilipakwa rangi. Kwa maneno mengine, hii ilikuwa stoo ya vifaa vya farasi, na watumwa watatu wakalazwa humo pamoja na vifaa. Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 majivu yalijaa chumbani, mbao zikaoza polepole, zikaacha uwazi wenye umbo lao. Wanaakiolojia wakamimina plasta ndani ya uwazi huo. Ndiyo maana leo tunaviona hata vifundo vya kamba, lakini majina ya waliolala juu yake hatuna.

Nakileta chumba hiki kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeisikia tangu utoto. Husemwa kanisani kila inaposomwa barua ya Paulo kwa Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo. Husemwa darasani, na siku hizi husemwa sana mitandaoni: utumwa wa Warumi haukuwa kama huu mwingine, ulikuwa afadhali. Anayesema hutoa ushahidi. Haukujali rangi. Watumwa walikuwa walimu, waganga, makarani. Waliweza kuweka akiba. Na wengi waliachwa huru.

Ushahidi huo wote ni wa kweli. Kosa liko kwenye hitimisho, nami naliona ni kosa zito, maana nasi watu wa pwani tumeambiwa hivyo hivyo kuhusu kwetu: kwamba utumwa wa Unguja ulikuwa wa kinyumbani, wa upole, eti mtumwa alikodishwa kwa siku, akapewa kikaratasi chake cha kazi, kibarua, na kuruhusiwa kubaki na sehemu ya ujira. Anayetaka kupima utumwa kwa kuangalia mtumwa alikula nini na alikuwa na kazi gani, atapata "afadhali" kila mahali. Kipimo kiko kwingine, na miji ya Kirumi inatuonyesha kiko wapi.

Twende barabarani kwanza. Katika njia kuu ya Pompeii, siku ya kazi, usingejua yupi mtumwa na yupi mwungwana maskini. Nguo zao zilifanana. Seneca, mwanafalsafa tajiri aliyemfundisha Kaisari Nero, anasimulia kwamba liliwahi kutolewa pendekezo katika Seneti watumwa wavalishwe vazi la kuwatambulisha. Likatupwa mara tu walipoiona hatari yake: watumwa wangeanza kuhesabu mabwana zao ni wangapi.

Walichota maji pamoja kwenye mabirika ya mitaani, yaliyokuwa kama 40, na hadi leo kingo za mawe zimelika pale mikono ilipoegemea. Walikula kwa mama ntilie wale wale. Vibanda vya chakula cha moto vilikaribia 80 katika mji ule mdogo, vyenye kaunta ya mawe iliyotobolewa na magudulia kuzikwa ndani. Katika kibanda kilichofukuliwa chote mwaka 2020 yalikutwa mabaki ya bata, nguruwe, mbuzi, samaki na konokono. Kwenye ukuta wa kilabu kimoja bei iko wazi: kwa asi 1, sarafu ndogo ya shaba, utakunywa, kwa 2 utakunywa iliyo bora, kwa 4 utakunywa divai ya Falerno.

Hata nyumba za kupanga ziliwachanganya. Tajiri mmoja wa Pompeii, Gnaeus Alleius Nigidius Maius, aliandikisha ukutani tangazo la kupangisha maduka yenye dari za kulala na vyumba vya ghorofani kuanzia tarehe 1 Julai. Anayetaka, tangazo linasema, aonane na Primus, mtumwa wa Maius. Dalali ndiye mtumwa! Raia huru, fundi viatu au muuza mboga, akitaka kusogezewa mbele siku ya kodi alikwenda kumbembeleza Primus.

Watu wa "afadhali" hulipenda tangazo hili, na nawaelewa. Lakini tuwafuate wawili hao hatua moja mbele. Mpangaji akishindwa kodi hufukuzwa, hulala nje, huanza upya mtaa wa pili. Njaa inaweza kumuua, ila mke wake ni wake na mtoto wake ni wake. Primus akipatikana na upungufu katika hesabu huchapwa bila hakimu. Akihitajika kutoa ushahidi mahakamani, sheria ilitaka aseme akiwa katika mateso, kwa kuwa neno la mtumwa lilihesabiwa kuwa kweli pale tu lilipotoka kwa maumivu. Tajiri akifilisika, Primus huuzwa pamoja na vitanda na meza. Chakula chao kilifanana, pengine cha Primus kilikuwa kizuri zaidi. Kilichowatenga ni swali la nani mwenye neno la mwisho juu ya mwili.

Mji wa Puteoli, Pozzuoli ya leo, ulichonga swali hilo kwenye jiwe. Ni mkataba wa mzabuni wa mazishi, ambaye pia alipewa kazi ya adhabu. Mtu binafsi akitaka kumwadhibu mtumwa wake, mwanamume au mwanamke, mzabuni huleta watu: wa kubeba mti, wa kupiga mijeledi, na mnyongaji. Malipo ni sesterti 4, sarafu za Kirumi, kwa kila mmoja. Hakuna kesi wala shauri. Ni huduma ya mji, yenye bei yake, kama kukodi wachukuzi.

Na wako waliokaa chini kabisa, ambao hata barabarani hawakuonekana. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilitangazwa kugunduliwa kwa kiwanda cha mikate ndani ya nyumba moja ya Pompeii. Chumba cha kusagia hakikuwa na mlango wa nje. Njia pekee ilipitia ukumbi wa mwenye nyumba. Madirisha yalikuwa madogo, juu, yenye nondo. Katika mawe ya sakafu vimechongwa vijishimo kwa mduara kuzunguka mawe ya kusagia, ili punda asiteleze na ili hatua zake zilingane na za punda wa jiwe la pili, maana nafasi ilikuwa finyu na wangegongana. Punda alifungwa macho. Mtu alizunguka naye, amuongoze, amchape, akusanye unga. Mtu na mnyama, duara moja, mchana kutwa, ndani ya joto la tanuri.

Apuleius, mwandishi aliyezaliwa Madauros katika Algeria ya leo, aliwaeleza watu wa vinu vya namna hii katika karne ya 2: migongo yenye makovu ya mijeledi, matambara yasiyositiri, vipaji vya nyuso vimechomwa alama, nywele zimenyolewa nusu, pingu miguuni, macho yameharibiwa na moshi, na mwili mzima mweupe kwa vumbi la unga. Huko ndiko mkate wa mji ulikotoka, na karibu kila mtu aliula. Mkate mmoja wa Herculaneum, jirani ya Pompeii, uliungua ukawa mkaa na hivyo ukadumu hadi leo na muhuri wake juu: wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus.

Mkate una hesabu zake pia. Katika nyumba moja ya Pompeii mtu aliandika ukutani matumizi ya chakula ya siku kadhaa. Jibini, mafuta, vitunguu, divai. Mkate, asi 8. Halafu, katika mstari wake peke yake: mkate wa mtumwa, asi 2. Neno alilotumia kwa mtumwa ni lile linalomaanisha "mvulana". Mtumwa mwanamume wa Kirumi aliitwa mvulana hata akiwa na mvi. Anayekumbuka wazee wetu walioitwa "boi" jikoni kwa Mzungu, wakiwa na wajukuu nyumbani, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa tuje kwenye hoja yao iliyo nzito, ya uhuru. Siikwepi. Mwaka 2021, karibu na lango la Sarno la Pompeii, lilifunguliwa kaburi la Marcus Venerius Secundio. Alikuwa mtumwa wa umma, mlinzi wa hekalu la Venus. Akaachwa huru, akapanda hadi kuwa mmoja wa makuhani wa ibada ya Kaisari Augusto, akadhamini maonyesho ya siku nne kwa Kigiriki na Kilatini. Alizikwa akiwa na zaidi ya miaka 60, na maiti yake ilihifadhika hata nywele na sikio moja vikaonekana. Mwingine, Numerius Popidius Ampliatus, aliyekuwa mtumwa, alilijenga upya hekalu la Isis baada ya tetemeko la mwaka 62 kwa jina la mwanawe, na madiwani wakampokea mtoto huyo barazani kwao akiwa na umri wa miaka 6. Hizi si hadithi za kubuni. Mji wa Kirumi uliwapandisha watu kutoka chini namna ambayo mashamba ya miwa ya Marekani hayakufanya.

Lakini uhuru huo ulitoka kwa nani? Kwa bwana, na kwa hiari yake. Dola ililipisha kodi ya asilimia 5 ya thamani ya mtumwa anayeachwa. Sheria ya mwaka 2 KK iliweka kiwango cha wanaoweza kuachwa kwa wosia: mwenye watumwa kati ya 10 na 30 aliruhusiwa theluthi, mwenye zaidi robo, mwenye mamia sehemu ya tano, na kamwe si zaidi ya 100. Sheria ya mwaka 4 ikaongeza kwamba anayeachwa kabla ya kutimiza miaka 30, kwa kawaida, hapati uraia kamili. Na akiba aliyojiwekea mtumwa ili ajinunue, kisheria ilikuwa mali ya bwana wakati wote. Aliishika kwa ruhusa.

Uhuru wa namna hii haupunguzi utumwa hata kidogo. Ndio mafuta ya mashine. Mwaka 2023, katika jumba lile lile la Civita Giuliana, kilifukuliwa chumba kingine cha watumwa. Kilikuwa na panya ndani ya mtungi na ndani ya gudulia chini ya kitanda. Lakini kimoja kati ya vitanda vyake kilikuwa bora kuliko vya wenzake, na kulikuwa na makabati mawili. Minyororo haikuonekana. Kitanda kizuri kilifanya kazi ya mnyororo: aliyekilalia alikuwa na kitu cha kupoteza, na alikuwa na wenzake wa kuwachunga. Wazee wetu wa mashamba ya karafuu walimjua mtu huyo kwa jina, nokoa.

Ngazi hiyo, ya mtumwa juu ya mtumwa, ilishuka mbali. Katika ardhi ya London, miaka ya 1990, kilipatikana kibao cha mbao chenye hati ya mauzo. Msichana Fortunata, wa kabila la Wadiablinte kutoka Ufaransa ya leo, ameuzwa kwa dinari 600, fedha ya mshahara wa askari wa miaka kama miwili. Muuzaji anamdhamini kuwa mzima wa afya na si mtoro. Mnunuzi ni Vegetus, naye ni mtumwa. Ni mtumwa wa Montanus. Montanus ni mtumwa wa Kaisari. Anayetaka kusema kwamba Vegetus alikuwa na maisha mazuri, na aseme, pengine ni kweli. Mimi jicho langu liko kwa Fortunata, aliyepewa jina linalomaanisha "mwenye bahati".

Na walioachwa huru wakawa mabwana. Jumba maarufu la Vettii huko Pompeii, lenye michoro inayovuta watalii wa dunia nzima, linahesabiwa kuwa la watu wawili waliotoka utumwani. Kwenye njia ya kuingilia mtu aliandika ukutani: Eutychis, Mgiriki, asi 2, mwenye tabia nzuri. Iwe ni tangazo la kuuza mwili au ni tusi, bei iliyomjia mwandishi kichwani ni ile ile ya mkate wa mtumwa.

Kuna siku moja tu, katika habari zote hizi, ambapo maskini huru walisimama upande wa watumwa kwa sauti kubwa, na inastahili kukumbukwa kuliko inavyokumbukwa. Mwaka 61 mkuu wa mji wa Roma, Pedanius Secundus, aliuawa na mtumwa wake. Mwanahistoria Tacitus anataja sababu mbili zilizosemwa. Mojawapo ni kwamba walikuwa wamekubaliana bei ya uhuru, kisha bwana akageuka. Desturi ya zamani ilitaka watumwa wote waliokuwa chini ya paa lile wauawe, kwa kuwa hawakumwokoa bwana wao. Walikuwa 400. Wamo wanawake na watoto, wamo wasiojua lolote.

Watu wa mji wakatoka. Wakalizingira jengo la Seneti. Ndani, Gaius Cassius Longinus, mwanasheria aliyeheshimiwa, akasimama kutetea mauaji: bila hofu, alisema, watu wa namna hii hawazuiliki. Seneti ikamkubali. Umati ukashika mawe na mienge kuzuia hukumu isitekelezwe. Nero akawakaripia kwa tangazo, akapanga askari njia nzima waliyopitishwa wale 400. Akatokea na seneta aliyetaka hata walioachwa huru wa nyumba ile wafukuzwe Italia. Hilo ndilo pekee lililokataliwa.

Waliobeba mawe wengi wao hawakuwa na chochote. Walikuwa wakipanga vyumba vya juu vinavyoungua ovyo na kungoja nafaka ya serikali, ambayo mtumwa hakuwa na haki nayo. Wangeweza kusema hayawahusu. Lakini walikuwa majirani wa wale 400, walipanga foleni nao majini, na naamini baadhi yao waliacha mama au ndugu ndani ya nyumba kama ile. Wao hawakudanganywa na neno "afadhali". Walijua kabisa mstari unapita wapi.

Mstari huo ulipita hata tumboni mwa mwanamke. Sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Aliyezaliwa na mjakazi ni mzalia, mali ya bwana tangu pumzi ya kwanza, hata kama bwana ndiye baba. Mama akiachwa huru kesho, mtoto wa jana hubaki.

Huko Herculaneum, mwaka 1938, vilifukuliwa vibao vya kesi ya binti mmoja, Petronia Iusta. Mama yake, Vitalis, alikuwa mjakazi wa Gaius Petronius Stephanus na mkewe Calatoria Themis, kisha wakamwacha huru. Iusta alikulia nyumbani kwao. Vitalis alipoondoka na kumtaka mwanawe, walikataa. Shahidi anakumbuka bwana akimuuliza: kwa nini unamwonea binti kijicho, nasi tumemweka kama mwanetu? Baadaye Vitalis akafa, Stephanus akafa, na mjane Calatoria akadai kwamba Iusta alizaliwa kabla mama yake hajaachwa huru, kwa hiyo alizaliwa mtumwa na yeye ndiye aliyemwacha. Ikiwa ni kweli, Calatoria ana haki juu ya mali yake na utumishi wake. Ikiwa si kweli, Iusta ni mwungwana wa kuzaliwa, hadaiwi na mtu.

Yote yalitegemea tarehe ya kuzaliwa, na tarehe haikuandikwa popote, kwa kuwa sheria za Augusto zilikataza mtoto wa nje ya ndoa kuingizwa katika rejesta ya vizazi. Zikabaki kumbukumbu za watu. Mwanamume aitwaye Telesphorus anaapa kwamba yeye mwenyewe alishughulikia mashauri ya kumrudisha mtoto kwa mama, ndipo anapojua Iusta alizaliwa huru. Mwingine, aliyeachwa huru na Calatoria na asiyejua kuandika, anaapa kupitia mkono wa mtu kwamba yeye na binti waliachwa huru pamoja.

Vibao vya mwaka 75 na 76 vinaonyesha pande zote mbili zikiahidi kufika Roma, mbele ya hakimu, katika uwanja wa Augusto. Hakuna kibao cha hukumu. Miaka mitatu baadaye mlima ukaifunika nyumba, na kesi yake ndani.